Nywele zinakatika au zinanyonyoka? Majibu kwa akina dada na akina mama wa Nyanda za Juu Kusini

Maswali ya wiki hii karibu yote yanahusu nywele, kutoka Mbeya mjini mpaka Makete. Kabla sijaanza kujibu, nawaomba kitu kimoja. Asubuhi ukichana, usitupe zile zilizobaki kwenye kitana. Chukua unywele mmoja, ulaze juu ya kitambaa chenye rangi tofauti nao, usogee dirishani utazame ncha zake. Ukiona ncha moja ina kidonge cheupe kama kichwa cha pini, unywele huo umetoka na shina lake, yaani umenyonyoka. Usipokiona, na unywele wenyewe ni kipande kifupi, basi umekatika njiani.

Mazoea yetu ni kusema "nywele zinakatika" kwa yote mawili, ndiyo maana mtu anapaka mafuta juu ilhali shida iko ndani. Nywele hukatika kwa sababu ya dawa kali, moto na ukavu. Zikinyonyoka, tatizo liko kwenye ngozi ya kichwa au mwilini.

Halafu msitishane bure. Kichwa kizima hupoteza nywele kati ya 50 na 100 kila siku. Ukifumua rasta za wiki sita ukakuta donge la kujaza kiganja, hizo ni nywele za siku 42 zilizokosa pa kuangukia.

Shikamoo dada. Nina miaka 26, nasuka rasta bila kupumzika tangu nimalize kidato cha nne. Sasa mbele na juu ya masikio pameliwa, nikibana nywele kipaji kinaonekana kikubwa. Zitarudi? (Msomaji, Mwanjelwa)

Marahaba mdogo wangu. Hili ndilo tatizo ninaloliona kuliko mengine yote, na linatokana na kuvutwa. Shina la unywele limekaa kwenye kitundu chake ndani ya ngozi. Ukilivuta siku moja litavumilia, ukilivuta miaka minane linachoka, kitundu kinavimba, mwisho kinaziba kwa kovu.

Dalili huanza mapema, ila tumezoea kuzicheka. Umetoka saluni nyusi zimepanda, usiku hulali mpaka umeze Panadol, kesho yake kuna vipele vyeupe kwenye mashina ya rasta. Msusi anakwambia vumilia, zitalegea zenyewe. Wahenga nao walishamalizia: ukitaka uzuri sharti udhurike. Mimi kwa hili nawapinga wahenga. Vile vipele ni ngozi inayolalamika, na dawa yake ni kufumua siku hiyohiyo, hata kama umelipa.

Sasa, zitarudi? Chukua kioo, simama penye mwanga, kaza macho pale palipoliwa. Ukiona vitundu vidogo na vinywele laini, bado kuna uhai. Ukikuta ngozi ni laini tupu, inang'aa, haina kitundu hata kimoja, hapo pana kovu, na hakuna mafuta yanayootesha nywele juu ya kovu. Wengi wa umri wako wako katikati, kwa hiyo usikate tamaa na usichelewe.

Cha kwanza ni kuacha kuvuta. Pumzisha kichwa miezi kadhaa: mabutu yaliyolegea, au kata fupi kama unao moyo huo. Ukirudi kusuka, mwambie msusi aache ukingo wa mbele, rasta ziwe chache na nyepesi, zisikae zaidi ya wiki sita hadi nane. Usiweke dawa ya kulainisha kisha ukasuka juu yake. Nywele zilizolainishwa hazina nguvu ya kubeba mzigo, na dawa pamoja na kusuka vinaharibu kuliko kimojawapo peke yake. Wigi la kubandika kwa gundi nalo linavuta ukingo uleule.

Pakiwa na vipele au maumivu, nenda hospitali. Unaweza kupewa steroidi ya kupaka au sindano ndogondogo za kutuliza uvimbe, na baadaye minoksidili, dawa ya kupaka ya kuotesha nywele. Halafu subiri. Unywele hukua kama sentimita moja kwa mwezi, na wa kwetu uliojikunja mara nyingi haufiki hata hapo. Ukijitazama kila siku utaona hakuna kitu. Piga picha leo, piga nyingine baada ya miezi mitatu, kioo kilekile, dirisha lilelile.

Nina mtoto wa miezi minne. Nywele zinatoka kwa mafungu, hata kwenye sahani nazikuta. Mama mkwe anasema ni kwa sababu mtoto ameanza kucheka. Kweli? (Mama wa Uyole)

Mama mkwe amekosea sababu lakini amepatia saa. Ukiwa mjamzito, homoni huzuia nywele zisiingie kwenye mapumziko yake ya kawaida, ndiyo maana mimba huja na kichwa kizito kinachopendeza. Ukijifungua, homoni zinashuka na nywele nyingi zinapumzika kwa pamoja. Mapumziko hayo huchukua kama miezi mitatu, kisha zinaachia. Na huo ndio umri mtoto anaoanza kuangua kicheko! Mtoto hana kosa.

Hazihitaji dawa. Kwa wengi hupungua kutoka zenyewe, na mtoto akifika mwaka mmoja kichwa kimejirudia. Usipake minoksidili wakati unanyonyesha.

Ila nakuuliza: wakati wa kujifungua ulipoteza damu nyingi? Unasikia kizunguzungu, unachoka ukipanda kilima kidogo? Kapime damu, kwa sababu upungufu wa madini ya chuma nao unanyonyoa nywele. Na hapa niwaseme watu wa kwetu, tunaoishi jirani na mashamba ya chai ya Rungwe na Mufindi. Tunakula maharage na mboga za majani, chakula chenye madini ya chuma, halafu tunakishushia na kikombe cha chai. Chai hufunga yale madini yasiingie mwilini. Inywe saa moja au mbili baada ya chakula, na pale mezani weka chungwa au limao, vyenyewe vinasaidia madini kuingia.

Kamwene dada. Nililazwa kwa homa kali mwezi wa pili nikapona. Mwezi wa tano nywele zikaanza kutoka kichwa kizima. Majirani wananitazama kwa jicho lile, wanadhani nimeathirika. (Msomaji, Mafinga)

Kamwene. Hesabu mwenyewe: mwezi wa pili mpaka wa tano ni miezi mitatu, hesabu ileile ya mama wa Uyole. Homa kali, upasuaji, msiba mzito, hata kujinyima chakula ili upungue haraka, vyote huzilaza nywele kwa pamoja, zije kuanguka mtu ameshasahau alichougua. Zikiwa ni za namna hii huota tena, kwa kawaida ndani ya miezi sita hadi tisa.

Kuhusu macho ya majirani, nywele peke yake hazimtangazi mtu ana ugonjwa gani. Kipimo cha VVU kipime kwa faida yako, kama mtu yeyote anavyopaswa kupima, na majibu yabaki yako. Omba pia wapime wingi wa damu, na tezi la shingo kama unahisi baridi kupita wenzako, unanenepa bila sababu, au kinyume chake moyo unakwenda mbio na unakonda. Nyanda zetu hizi zilisifika kwa rovu miaka mingi kabla chumvi haijaanza kutiwa madini joto, na bado nakutana na akina mama walionunua mafuta ya kila aina kumbe mwenye kesi ni tezi.

Nina miaka 47. Utosini pana uwazi wa duara, ulianza kama sarafu, sasa unalingana na kiganja. Panawasha na kuchoma kama nimepaka pilipili. Nipake nini? (Mama, Mlandege, Iringa)

Usipake kitu, mama. Nenda hospitali wiki hii. Uwazi unaoanzia utosini na kutanuka kwa duara huku ukichoma ni wa kutiliwa shaka: kuna ugonjwa unaounguza vitundu vya nywele kwa ndani na kuacha kovu, na wanawake wenye asili ya Afrika ndio unaowapata zaidi. Dawa za kulainisha na kusuka vimelaumiwa sana. Mwaka 2019 watafiti walionyesha kwamba baadhi ya wagonjwa wana hitilafu kwenye jeni ya kurithi iitwayo PADI3, kwa hiyo kama una dada au binti, watazame utosi.

Omba rufaa ya kumwona daktari wa ngozi. Huenda akakata kipande kidogo cha ngozi kikapimwe. Tiba ni steroidi ya kupaka au kuchoma sindano, mara nyingi pamoja na vidonge vya doksisaiklini, kwa kazi yake ya kutuliza uvimbe. Lengo ni kuzuia moto usisambae. Palipokwisha kuwa kovu hatukuahidi nywele, na anayekuahidi ana chupa anataka kuiuza.

Makete baridi haina huruma, navaa mzula mchana na usiku. Ndiyo unanimaliza nywele?

Mzula haunyonyoi, ila sufu inasugua na kunyonya mafuta, nywele zinakauka na kukatika. Shonea kitambaa cha satini kwa ndani. Na maji ya kuoshea kichwa yawe vuguvugu, hata mwezi wa saba.

Maji ya kitunguu, mafuta ya mnyonyo, vidonge vya biotini, minoksidili: kipi kinafanya kazi? (Wengi)

Kitunguu: upo utafiti mdogo wa Iraki wa mwaka 2002, lakini ulihusu vipara vya mviringo vinavyotokea ghafla, si nywele za mbele zilizovutwa. Mnyonyo unalainisha, hauoteshi. Biotini ni vitamini, inamfaa anayeikosa, nao ni wachache, na inaweza kuvuruga majibu ya kipimo cha tezi, kwa hiyo mwambie daktari kama unaimeza.

Minoksidili ilianza kama dawa ya shinikizo la damu, wagonjwa wakaanza kuota nywele wasizoziomba. Inawafaa hasa akina mama ambao mstari wa kati wa kichwa unapanuka taratibu kwa umri na urithi. Wiki za mwanzo nywele huweza kutoka zaidi, usishtuke. Ipe miezi minne hadi sita, na ujue ukiiacha faida nayo inaondoka. Mjamzito asiiguse.

Naweza kuvaa wigi nikiwa kwenye matibabu?

Unaweza. Lisiwe na gundi, lisibane, na likulegee kiasi cha kupitisha kidole. Ukifika nyumbani livue kabla hujavua viatu.