Muulize Bi Fundi: Programu inajifunga bila kusema kitu

*Salaam aleikum, Bi Fundi. Nimetengeneza programu ya simu kwa ajili ya kina mama wanaouza leso na madera Biashara Street, Mombasa. Muuzaji anachagua picha za bidhaa, anaandika bei, wateja wanaagiza. Kwenye Android haina shida. Ya iPhone naitengenezea kwenye Mac ya rafiki yangu wa Tudor, na kwenye simuleta, yaani iPhone ya kuigiza ndani ya Mac, inakwenda vizuri. Lakini mama mmoja mwenye iPhone 7 akichagua picha kama kumi, programu inajifunga papo hapo. Hakuna ujumbe wowote, na TestFlight, ile huduma ya Apple ya kujaribishia watu programu, hainiletei ripoti. Nianzie wapi?*
*Kijana wa Likoni*

Waaleikum salaam, mwanangu. Huko kukosa ripoti ndiko kunakonipa mwanga. Programu ikianguka kwa kosa la kwenye msimbo ulioandika, iPhone huandika ripoti ya kuanguka, na TestFlight hukufikishia. Ikitoweka kimya namna hiyo, mimi hushuku kwanza memori: programu imekula kupita kiasi, na mfumo umeiua. Kifo cha aina hii hakiingii kwenye ripoti za kuanguka. Kina faili yake tofauti, nayo inabaki ndani ya simu ya mama huyo.

Basi panda feri umfuate dukani, umwombe kwa adabu akufungulie Settings, kisha Privacy, kisha Analytics & Improvements, kisha Analytics Data. Shuka mpaka kwenye majina yanayoanza na JetsamEvent, utafute faili ya saa ile programu ilipojifunga, ujitumie. Ndani yake kuna mahali pameandikwa largestProcess, yaani programu iliyokuwa imeshika memori nyingi kuliko zote. Ukikuta jina la programu yako hapo, na kwenye maelezo yake sababu ni per-process-limit, yaani imevuka kikomo cha memori cha programu moja, basi jawabu umelipata. Utaona pia rpages, yaani kurasa za memori ilizokuwa imeshika. Zidisha kwa pageSize iliyoandikwa humo humo, ambayo kwa kawaida ni baiti 16,384, nawe utajua ilikuwa imebeba mzigo gani ilipouawa.

Sasa tupige hesabu ya picha zenyewe, maana hapo ndipo vijana wengi wanaponaswa. Kamera ya iPhone 7 inatoa picha ya pikseli 4032 kwa 3024. Ikiwa imehifadhiwa ni megabaiti chache tu, kwa sababu imebanwa. Ukiifungua ili ionekane kwenye skrini, kila pikseli inataka baiti 4, na picha moja inakuwa karibu megabaiti 49. Kumi kwa mpigo ni kama megabaiti 490. Simu yenyewe ina memori ya gigabaiti 2, nayo inagawanywa na mfumo mzima.

Simuleta haiwezi kukuonyesha haya. Ni programu inayoendeshwa na prosesa ya Mac na kula memori ya Mac, kwa hiyo kikomo cha iPhone hakipo pale. Hata kamera haina.

Dawa ni kuipunguza picha wakati wa kuisoma, si baada ya kuifungua yote. Kwa iOS, yaani mfumo wa iPhone, mwambie ImageIO, maktaba ya Apple ya kusoma picha, akutengenezee picha ndogo moja kwa moja. Kama unatengeneza kwa Flutter, kifaa cha Google cha kuundia programu za Android na iPhone pamoja, weka cacheWidth, yaani upana wa kuifungulia picha. Upana wa pikseli 1080 unatosha kabisa kuonyesha dera, na picha moja itashuka hadi megabaiti 3 au 4 ikiwa imelala, au kama 6 ikiwa imesimama. Pia zifungue moja baada ya nyingine. Kisha unganisha simu yenyewe kwa waya kwenye Mac, uangalie kipimo cha memori cha Xcode, ile programu ya Apple unayotengenezea, kinapanda vipi. Halafu chomoa waya ujaribu upya, kwa sababu programu iliyoshikwa na Xcode haina tabia ile ile. Kwa mfano, haisimamishwi na mfumo ukihamia programu nyingine.

Ukipata pesa, nunua iPhone kuukuu ya kujaribia, hata yenye kioo kilichopasuka. Kuukuu hasa, maana wateja wetu hawatumii mpya. Nimekaa miaka mingi nikitengeneza simu Mwembe Tayari, nakuhimiza jambo moja: usilipe kabla mwenyewe hajaitoa kwenye akaunti yake ya iCloud mbele ya macho yako.

Kuna jambo linaniuma hapa, na nitalisema. Kwenye Android unagusa namba ya toleo mara saba, unawasha USB debugging, unachomeka waya kwenye kompyuta yoyote, na logcat, yaani kumbukumbu ya yanayotokea ndani ya simu, inakumwagia yote. Kwa iPhone, Xcode haikubali kompyuta isiyokuwa Mac, na uanachama wa kusambaza programu ni dola 99 kila mwaka. Google Play hutoza dola 25 mara moja tu. Najua milango hiyo imefungwa pia kwa sababu ya wezi. Nimepokea wateja wengi waliotumiwa na matapeli faili za APK, zile za kuwekea programu kwenye Android, wakaachwa bila senti. Lakini kumzuia mwizi asiingie ni jambo moja, na kumfanya mtengenezaji abahatishe kwa nini programu yake imekufa ni jambo jingine. Hilo la pili sijaona linamlinda nani. Mama wa Biashara Street amepoteza oda, na ushahidi alikuwa nao mfukoni bila kujua.

*Bi Fundi, niliweka programu yangu kwenye iPhone yangu mwenyewe kwa Apple ID ya bure. Wiki moja baadaye haifunguki tena. Nimeharibu nini?*
*Msomaji, Kisauni*

Hujaharibu kitu. Ruhusa ya akaunti ya bure huisha baada ya siku 7, na programu hukataa kufunguka mpaka uiweke tena kutoka Xcode. Ukilipia uanachama unaweza kutumia TestFlight, ambako toleo moja hudumu siku 90. Kwa sasa iweke upya, ila usiifute ile iliyomo. Ukiiweka mpya juu yake kwa bundle ID ile ile, yaani jina la utambulisho la programu, data yako itabaki.