Maswali na majibu: neno "rejoice"

Wasomaji kadhaa wameuliza juu ya neno hili la Kiingereza, lenye maana ya kufurahi. Tuanze na aliyefaulu.

Nimefaulu mtihani. Nikimwandikia rafiki yangu Mwingereza "I am rejoicing", nitakuwa nimekosea? (Mwanafunzi, Mbeya)

Kisarufi hujakosea, ila atacheka kidogo, maana utasikika kama mhubiri. Rejoice ni neno la mimbari, mashairi na vichwa vya habari. Gazeti likiandika "Fans rejoice" hakuna anayeshangaa, lakini mtu akiongea na rafiki yake husema "I'm so happy" au "I'm thrilled". Hongera, hata hivyo.

Kuna rejoice at, rejoice over na rejoice in. Nitumie ipi? (Msomaji, Nakuru)

At na over hutaja habari au tukio lililokufurahisha. Tarehe 25 Aprili 1982, majeshi ya Uingereza yalipokikomboa kisiwa cha South Georgia kutoka mikononi mwa Argentina, Waziri Mkuu wa Uingereza Margaret Thatcher aliwaambia waandishi wa habari nje ya makazi yake: "Just rejoice at that news". Wengi walimlaumu kwa miaka mingi baadaye, wakiona kwamba neno zito la ibada lilikuwa limeingizwa vitani. Mimi naona lawama hiyo yenyewe inafundisha uzito wa neno kuliko kamusi.

In ni jambo jingine: hapo furaha ina makao, haingoji habari mpya. Wafilipi 4:4 kwa Kiingereza husema "Rejoice in the Lord", na sisi tunasoma "Furahini katika Bwana siku zote". Paulo aliandika hayo akiwa kifungoni, kwa hiyo hakuwa na habari njema ya siku hiyo ya kusherehekea. Ukifurahi pamoja na mwenzako, tumia with.

Je, rejoice itafsiriwe "shangilia"? (Mwalimu, Mombasa)

Mara nyingine tu, Mwalimu. Kushangilia kunataka sauti: makofi, vigelegele, vifijo. Rejoice haidai kelele. Mtu anaweza kufurahi hivyo kimoyomoyo huku uso ameukunja, hasa hasimu wake akianguka. "Furahi" halitakuangusha mahali pengi. Ukikutana na "rejoicing in the streets", hapo andika shangwe au shamrashamra mitaani bila wasiwasi.

Ile re- ya mwanzo ina maana ya kufurahi tena? Na jina Joyce limetoka humo? (Msomaji, Arusha)

Hapana, mara mbili. Neno liliingia kutoka Kifaransa cha kale, na re- hiyo hukazia tu. Joyce asili yake ni Judoc, mtakatifu wa karne ya 7 wa Brittany, eneo la Ufaransa ya leo. Wazazi wanaotaka jina lenye furaha yenyewe wanalo Furaha.

Nimesoma kwamba kijiji fulani "rejoices in the name of Nether Wallop". Kijiji kinafurahije? (Msomaji, Zanzibar)

Hakifurahi, mwandishi anatania. Nether Wallop ni kijiji cha kweli, kiko Hampshire, kusini mwa Uingereza, na wallop katika Kiingereza cha leo ni kipigo kizito. Waingereza hutumia msemo huo jina la mtu au mahali likiwachekesha, huku wakijifanya wanalisifu. Kwa hiyo usimkaribishe mgeni rasmi jukwaani kwa maneno hayo, hata kama jina lake ni zuri.