Kuchora Juu ya Picha ya Mwingine: Maswali ya Wasanii Kuhusu Hakimiliki

Majibu haya yanaegemea sheria ya Marekani, ambako kanuni ya matumizi ya haki (fair use), inayoruhusu kutumia kazi ya mwingine bila idhini katika hali fulani, imo katika kifungu cha 107 cha Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1976. Nchi nyingine zina misamaha yake, na mingi ni finyu zaidi.

Ni kweli kwamba nikibadilisha asilimia 30 ya picha inakuwa yangu?

Si kweli, na inasikitisha kuona wasanii wakiendelea kuambizana hivyo. Sheria haitaji asilimia yoyote. Mahakama hupima kwa pamoja mambo manne: madhumuni ya matumizi, aina ya kazi ya awali, kiasi na uzito wa sehemu iliyochukuliwa, na athari kwa soko la kazi hiyo.

Ninachora watu maarufu kwa kutumia picha za wapiga picha, lakini mtindo ni wangu kabisa. Kuna hatari?

Ipo, na kesi ya msanii wa Marekani Andy Warhol inaionyesha vizuri. Mwaka 1981 mpiga picha Lynn Goldsmith alimpiga picha mwanamuziki Prince, na mwaka 1984 akalipwa dola 400 ili picha hiyo itumike mara moja tu kama msingi wa mchoro katika jarida la Vanity Fair. Warhol aliuchora mchoro huo, kisha akatengeneza mingine kadhaa kutoka kwenye picha ileile. Prince alipofariki mwaka 2016, kampuni inayomiliki jarida hilo ilichapisha mmojawapo, wenye rangi ya machungwa, ikailipa taasisi ya Warhol dola 10,000, na Goldsmith hakupata hata senti. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu iliamua kwa kura saba dhidi ya mbili kwamba jambo la kwanza kati ya yale manne lilikuwa upande wa Goldsmith, kwa kuwa picha yake na mchoro ule vilifanya kazi moja, yaani kumwonyesha Prince katika jarida linaloandika habari zake, tena kwa malipo. Mtindo mpya peke yake haukutosha. Kwa maoni yangu uamuzi huo ni wa haki, kwani mpiga picha naye huishi kwa leseni za aina hiyohiyo. Kwa hiyo, kabla ya kuuza mchoro wako, jiulize kama mnunuzi angeweza kuchukua picha yenyewe badala yake.

Na nikiichukua picha ili niikosoe?

Hapo una hoja yenye nguvu zaidi, mradi unachokosoa ni picha hiyo, au uwe na sababu ya wazi ya kuihitaji hiyo na si nyingine. Msanii wa Marekani Jeff Koons alishindwa kesi mwaka 1992 baada ya kugeuza picha ya watu wawili waliopakata watoto wa mbwa kuwa sanamu. Alisema anaikosoa jamii, lakini mahakama haikuona kwamba anaisema picha yenyewe. Mwaka 2006 alishinda kesi nyingine, kwa kuwa alieleza kwa nini alihitaji miguu ya mwanamke kutoka jarida la mitindo katika kolaji yake. Ni vyema uiandike sababu yako wakati unaanza kazi.

Picha niliyoipata kwenye intaneti haina jina la mtu. Naitumia?

Hapana. Kukosa jina hakumaanishi kwamba haina mwenyewe. Leseni za Creative Commons, ambazo mwenye kazi huzitumia kuruhusu umma kuitumia kwa masharti, zikiwa na alama ya ND nazo haziruhusu kusambaza kazi iliyobadilishwa.

Nimepokea barua ya madai. Nifute mafaili?

Usifute chochote. Shepard Fairey, aliyechora bango la Obama kutokana na picha ya shirika la habari la AP, alimaliza madai ya hakimiliki kwa makubaliano mwaka 2011. Hata hivyo, kwa kuharibu na kughushi ushahidi alikiri kosa la jinai mwaka uliofuata, akapigwa faini ya dola 25,000. Hifadhi kila kitu, kisha mwone wakili kabla ya kuijibu barua hiyo.