Jibu langu: Shaken Aimanov, na msiniulize kama yupo Instagram

Mmeuliza wiki hii, mwigizaji gani wa nje unamkubali ila asiwe wa Marekani, India wala Nigeria. Mi wangu ni Shaken Aimanov wa Kazakhstan. Najua wengi mtasema ndo nani huyo, na nchi yenyewe wengine mnaijua kwa ajili ya Golovkin yule bondia tu. Huyu mzee kazaliwa 1914 huko Bayanaul, kafariki 1970, kwa hiyo hata kumfollow haiwezekani.

Nilimjua kwa bahati. Usingizi umegoma, nina bando la usiku, YouTube ikaniletea filamu ya 1966 ambayo jina lake kwa Kiswahili ni kama Ardhi ya Mababa. Mzee wa Kikazakh anapanda treni na mjukuu wake, safari ndefu hatari mpaka upande wa Leningrad kule Urusi, kisa anaenda kuchukua mabaki ya mwanae aliyekufa Vita ya Pili ya Dunia aje amzike nyumbani. Stori ndo hiyo tu, lakini sisi watu wa Bukoba hiyo sio stori ndogo. Mi nilishasindikiza mwili wa baba mdogo kutoka Dar, jeneza limefungwa kamba, tumekalia mabegi, simu inaita kila dakika watu wanachanga kwenye grupu, yote hiyo asizikwe nje ya kibanja, shamba la ukoo. Sasa huyo mzee anafika anakuta mwanae yupo kaburi moja na askari wenzie kibao, wametoka kila pande, utamchomoaje wako peke yake? Nilisimamisha video nikaenda kunywa maji.

Humo ndani Aimanov hachezi, yeye ndo dairekta. Ila mzee kampa Elubai Umurzakov, mmoja wa wale wa mwanzo kabisa wa teatri ya Kikazakh, ile iliyoanzishwa 1926 mji wa Kyzylorda halafu ikahamia Alma-Ata (leo Almaty), na ndo hiyohiyo iliyomlea Aimanov. Yaani kamchukua mkongwe wa stejini kwao, akamwekea kamera mbele, akamwacha afanye kazi yake. Dairekta ambaye hajawahi kuigiza angejaza maneno pale.

Yeye mwenyewe alikuwa anasomea ualimu Semipalatinsk, mwandishi Gabit Musrepov ndo akamvuta Alma-Ata mwaka 1933, dogo hata miaka ishirini hajafika. Akaigiza Shakespeare kwa Kikazakh, Petruchio na Othello, tafsiri za mwandishi wao Mukhtar Auezov, kama sisi tulivyopata Juliasi Kaizari kwa mkono wa Mwalimu Nyerere, tofauti ni kwamba wenzetu hizo tamthilia waliziweka jukwaani watu wakakata tiketi, sisi nyingi tunakutana nazo maktaba. Halafu vita ikaja, studio kubwa za Moscow na Leningrad zikahamishiwa Alma-Ata, hata Eisenstein, yule dairekta mkubwa wa Sovyeti, filamu yake ya Ivan wa Kutisha kaipigia hukohuko, kwa hiyo mji ambao sinema ilikuwa bado changa ukajaa mafundi wa kamera na taa ghafla. Mwaka 1952 Aimanov akacheza Zhambyl, yule malenga wao aliyekaribia kutimiza miaka mia, na yeye hata arobaini hajafika! 1954 akaanza kudairekti, 1959 akapewa cheo cha Msanii wa Watu wa Umoja wa Kisovyeti, ambacho enzi hizo hakikuwa kidogo.

Ila kama una muda wa kuangalia moja tu, tafuta ile ya 1964 ya Aldar Kose, kaiongoza yeye na kaicheza yeye. Aldar Kose ni Abunuwasi wao, hana ndevu, hana hela, ana mdomo tu, na matajiri wote anawaliza. Kuna hadithi yake wanaisimulia sana kule: kavaa koti limetoboka kila mahali, baridi ya nyika inaua, anakutana na tajiri ndani ya koti la manyoya ya mbweha anatetemeka. Aldar anamwambia la kwangu zuri zaidi, upepo ukiingia tundu hili unatokea tundu lile, mi sisikii baridi. Tajiri akabadilishana, tena na hela juu. Sasa mtu wa miaka hamsini kucheza mjanja wa namna hiyo bila kuonekana anajilazimisha, hiyo ndo stejini inakufundisha, kujua lini unyamaze ili mwenzio ajikaange mwenyewe.

Kinachoniudhi ni kimoja, nyingi nilizozipata mimi zinaongea Kirusi. Mtu kaigiza Othello kwa Kikazakh halafu tunamsikia kwa lugha ya Moscow. Naelewa soko la Sovyeti lilikuwa hivyo, lakini inauma, ni kama uangalie Abunuwasi anaongea Kiingereza.

Filamu yake ya mwisho ni Mwisho wa Ataman, ya kijasusi, humo ndo mwigizaji Asanali Ashimov aling'ara kweli. Desemba 1970 Aimanov akiwa Moscow akagongwa na gari, akafa, miaka 56. Studio ya Kazakhfilm ikaja kupewa jina lake 1984. Na yeye, tofauti na yule mtoto wa mzee wa kwenye treni, walimrudisha kwao, kaburi lake lipo Alma-Ata.