Umepumzika wiki, umerudi chuma kizito

Mkuu, umeuliza mbona umekaa wiki nzima bila zoezi halafu unarudi skwati (kuchuchumaa na chuma mabegani) ya kilo 100 inakukandamiza, usiogope, misuli haiyeyuki ndani ya siku saba, nguvu inaweza kukaa hata wiki mbili bila kushuka kivile. Kinachopotea ni mwili kuzoea mzigo, na wewe umesema hukugusa chuma kabisa, mi naona shida imeanzia hapo. Wiki nyepesi, yani ya kupumzisha mwili, sio kulala bwana, unakata seti nusu ila uzito haushuki sana, yani kama ulikuwa unapiga seti 4 za kurudia mara 5 kwa kilo 100 basi piga seti 2 za mara 3 kwa kilo 85 hivi, unaondoka hata jasho halijakolea.

Halafu msosi. Wengi wakipumzika wanakula kidogo eti hawafanyi zoezi, matokeo yake wanga uliohifadhiwa kwenye misuli unapungua pamoja na maji yake. Piga ugali na mlenda wa karanga kama kawaida, mayai au maharage yasikosekane, na maji ndo usiseme, Dodoma hii ya Oktoba jasho linakauka hata hujajua kama limetoka.

Siku ya kurudi usivamie uzito wa juu, pasha na chuma kitupu bila sahani za uzito, halafu kilo 60, 80, 90 mara moja moja, ndo uingie uzito wako. Mara nyingi zoezi la pili au la tatu unakuwa sawa. Ikipita wiki mbili bado umechoka na usingizi mbovu, nenda zahanati wakupime malaria na wingi wa damu.