Barua kwa mwanangu: waliishia mstari wa saba

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako niliupata Jumapili nikitoka kanisani, nikausoma mara mbili pale pale njiani, viatu mkononi kwa sababu ya matope. Unauliza kama Mkristo anaruhusiwa kumshitaki Mkristo mwenzake. Wazee wa kanisa lenu wanakubembeleza uiondoe mahakamani ile kesi ya mjane unayemtetea, kwa kuwa shemeji anayemdai shamba ni mzee mwenzao, na mambo ya waumini, wanasema, yamalizwe ndani. Nimekuelewa. Lakini na mimi nina swali langu: walipokusomea Wakorintho wa kwanza, sura ya sita, maana najua waliisoma, waliishia mstari wa ngapi?

Ulikuwa darasa la tatu, kwa hiyo unakumbuka wageni tu na mchuzi. Baba yako alikuwa hajamaliza miezi miwili kaburini. Wakaja wazee wanne wa kanisa, na baba yako mdogo nyuma yao, amevaa koti la marehemu. Lile la kijivu. Sikusema kitu. Nilimkamata yule kuku mwekundu, nikamchinja mwenyewe, nikawapikia na matoke, nikawanawisha mikono mmoja mmoja nimepiga magoti. Mpaka leo kinachoniuma zaidi ni yule kuku. Alikuwa anataga.

Walipokwisha kula, mmoja akafungua Biblia. Akasoma kwamba ni aibu ndugu kumpeleka ndugu mbele ya wasioamini, kisha Paulo anauliza: si afadhali kudhulumiwa? Si afadhali kunyang'anywa? Akafunga kitabu. Wakaniambia nimwachie shemeji shamba la kahawa, mimi nibaki na nyumba "kwa sasa", tuombe, yaishe. Tukaomba. Nilisema amina, mwanangu. Mimi na mdomo wangu huu.

Usiku, ninyi mmelala, nikaifungua sura ile ile kwenye taa ya kibatari. Mstari wa nane upo! Paulo anawageukia wale wengine: ninyi ndio mnaodhulumu na kunyang'anya, tena ndugu zenu. Wao waliishia wa saba. Sijui kama ni kibatari au ni hasira, lakini macho yaliniwasha mpaka asubuhi, na kulipokucha nikaenda kwa mwenyekiti wa LC, baraza la kijiji, kuandikisha kesi.

Unajua ninachosema siku zote, na utanisamehe nikirudia: Paulo huyo huyo, walipotaka kumrudisha Yerusalemu kwa watu waliokuwa wanamvizia, alikata rufaa kwa Kaisari. Hakusema si afadhali kudhulumiwa. Alijua haki yake ya uraia akaitumia. Na yule mjane wa Luka 18 alimsumbua kadhi mpaka kadhi akachoka. Wahubiri husema huo ni mfano wa kuomba. Sawa, ila mjane mwenyewe alikuwa anadai haki, hakuwa anaomba mvua.

Lakini tena najisahihisha. Kaisari gani? Sisi tuliolelewa kambi ya polisi tunamjua Kaisari. Jaji Mkuu wa Uganda, Benedicto Kiwanuka, alichukuliwa Mahakama Kuu kwenyewe, Septemba 1972, na hakurudi. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na mmoja Februari 1977, redio iliposema Askofu Mkuu Janani Luwum amekufa kwa ajali ya gari. Babu yako akaizima, akakaa kimya, naye alikuwa bado amevaa sare. Maaskofu walikuwa wamemwandikia Rais Idi Amin barua kuhusu mauaji; ndivyo walivyojibiwa. Sasa tarehe 16 Februari ni sikukuu ya taifa, watu wanapumzika nyumbani. Basi ninapotaja rufaa kwa Kaisari usidhani nimesahau kwamba Kaisari naye ana siku zake.

LC walitukalisha uwanjani, shamba likakaguliwa, miti ya mpaka ikahesabiwa. Yule mama katibu akauliza swali moja tu: nani aliipanda kahawa hii? Baba yako mdogo akatazama chini. Wajomba wakatazama chini. Akauliza tena, nani huipalilia? Kuku wa jirani ndio waliosikika. Siku hiyo, Mungu anisamehe, nilifurahi kuliko siku ya harusi yangu. Wakanipa nyumba na nusu ya chini ya shamba. Nusu ya juu, yenye miti mizuri, ikaenda kwake. Ndiyo haki niliyoipata: nusu. Na hiyo nusu ilikufikisha Makerere, kwa hiyo usije ukaidharau.

Ila baba yako mdogo hakunisemesha miaka kumi na mmoja. Wewe unakumbuka krismasi zile. Alipougua nilimpelekea uji, akanywa, akasema, "Shemeji, sukari haitoshi." Hayo ndiyo yaliyokuwa maneno ya kupatana. Nikacheka njia nzima kurudi. Je, kama ningevumilia, tungekula pamoja miaka yote hiyo? Huenda. Na ninyi mngekula nini? Hapo ndipo ninapokwama kila nikilifikiria, na Paulo hanisaidii, maana yuko pande zote mbili.

Wewe ndiye uliyenisomea sheria ya mirathi ya 2022: marehemu asipoacha wosia, asilimia 20 kwa mjane, 75 kwa watoto, na kumfukuza mjane nyumbani ni kosa la jinai. Zamani zangu ilikuwa 15, na nyumba ni ya kukaa tu, ukiolewa tena unatoka. Wewe ndiye uliyeniambia pia kwamba Katiba, ibara ya 126, inazitaka mahakama zihimize upatanisho. Kumbe Kaisari naye anataka watu wapatane! Basi wazee wasikutishe kana kwamba upatanisho unapatikana kwao peke yao. Unaweza kufanyika mbele ya hakimu, maandishi yakiwepo, na mjane akiwa na wakili pembeni. Mimi wakili sikuwa naye. Nilikuwa na mama katibu.

Sasa utasema sijakujibu. Sijakujibu kwa sababu kesi ni ya huyo mama, si yangu wala yako, na ninajua nikisema neno utalibeba mpaka mahakamani. Ninalo neno, limefika kwenye ulimi, nalimeza. Huenda yeye anataka amani kuliko shamba. Wapo wa hivyo, na si wajinga. Muulize mkiwa wawili, mzee yeyote asiwepo.

Kahawa imeanza kuwa nyekundu. Ukija mwisho wa mwezi leta magunia, ya hapa yamepanda bei. Baba yako mdogo anakuulizia, mguu bado unamsumbua.

Na uniambie jambo moja: siku hao wazee walipomtembelea huyo mjane, aliwapikia nini?

Mama yako