Kwa wanaoanza kusoma bitakhoni

Anayeingia kwenye mafundisho ya Kiyahudi akitafuta utulivu wa moyo hachelewi kukutana na bitakhoni, yaani kumtegemea Mungu. Ushauri wangu wa kwanza ni huu: usijilazimishe kuhisi amani. Soma, fikiri. Walimu wa kale walilifanya jambo hili kuwa elimu yenye hoja. Hisia hufuata nyuma, na wakati mwingine hukawia sana.

Anza na Bahya ibn Paquda, aliyeishi Hispania katika karne ya 11. Kitabu chake, Wajibu wa Mioyo, alikiandika kwa Kiarabu, na Yehuda ibn Tibbon akakitafsiri kwa Kiebrania karne iliyofuata. Kina milango 10, yaani sehemu, na wa nne ndio huu wa kumtegemea Mungu. Wengi hurukia mbele kutafuta maneno ya faraja. Msifanye hivyo, kwa sababu kazi yenyewe iko mwanzoni. Bahya anauliza: wa kutegemewa kabisa awe na sifa gani? Anazitaja 7. Awe anakuhurumia. Asighafilike na mambo yako. Awe na nguvu zisizoshindwa. Ajue linalokufaa, la siri na la wazi. Awe amekutunza tangu uhai wako ulipoanza. Mambo yako yawe mkononi mwake peke yake, mwingine asiweze kukudhuru wala kukunufaisha. Na ukarimu wake umfikie anayestahili na asiyestahili.

Sasa chukua kalamu. Andika jina la mtu ambaye moyo wako umemwegemea wiki hii: mwajiri, mteja mkubwa, mjomba aliyeahidi ada ya mtoto. Mpime kwa sifa hizo, moja baada ya nyingine. Mwajiri anaweza kukupenda kweli, lakini naye ana wakubwa wake. Mjomba ana nia njema, ila kesho yake mwenyewe haijui. Usiwadharau hata kidogo, wala usiache kuwashukuru; watue tu mzigo ambao hakuna binadamu anayeuweza. Zoezi hili limenifaa kuliko mawaidha mengi, hasa nyakati za kungoja majibu yasiyokuja.

Je, tukae tu? Hapana. Bahya anamleta nabii Samweli, aliyetumwa kumtia mafuta mfalme mpya, naye akasema Sauli akipata habari atamuua. Mungu hakumkemea kwa imani haba. Alimwambia achukue ndama, aseme amekwenda kutoa dhabihu. Ikiwa nabii alitumwa kwa tahadhari, nawe kunywa dawa zako, funga mlango usiku, peleka maombi ya kazi. Juhudi hiyo huitwa hishtadluti, na kiasi chake kimezua mabishano marefu. Rabi Yosef Yozel Horowitz wa Novardok, mji ulioko Belarusi ya leo, aliyefariki 1919, alifundisha njia ya kuipunguza sana. Namheshimu mno, lakini mwenye watoto wa kulisha asianzie huko.

Mazoezi ya kila wiki yapo tayari: Sabato. Ijumaa kabla jua halijazama biashara inafungwa, hata kama mteja yuko njiani. Someni Kutoka 16 pamoja na jambo hilo. Mana ilishuka kwa kiasi cha siku. Waliolimbikiza waliikuta asubuhi ina mabuu na inanuka. Siku ya sita tu ndipo ilipopatikana maradufu, na ile haikuoza.

Mkishazoea, nendeni kwenye maandishi ya rabi Avraham Yeshaya Karelitz, aitwaye Hazoni Ishi, aliyefariki Bnei Brak, Israeli, mwaka 1953. Yeye anakataa kwamba kutegemea ni kuwa na hakika kwamba jambo litaisha unavyotaka. Bila unabii, nani ajue? Kutegemea ni kuamini kwamba hakuna kinachotokea kwa bahati tu, bali vyote vyatoka kwa Mungu. Kisha anatoa kipimo kinachochoma. Kuna mtu anayehubiri bitakhoni siku zote, uso umekunjuka. Siku moja anasikia kwamba mwingine anataka kufungua duka kama lake. Usingizi unapaa, anaanza kupanga hila za kumzuia. Anayetegemea kweli, anasema, humwendea huyo mgeni, akamshauri na kumsaidia kwa mikono yake mpaka duka lisimame.

Hapo ndipo ninapowaomba mfike. Mimi kila nikisoma ukurasa ule hulitafuta moyoni duka la jirani yangu, na bado kazi ipo.